Mchoraji Asiyeweka Sahihi

Mara ya kwanza alipokuja kwetu Kisauni alikuja kwa baiskeli, suruali ameibana vifundoni isishikwe na mnyororo, na mgongoni amefunga mkebe mrefu wa bati. Ilikuwa Jumapili. Baba alimpokea barazani. Mimi nilikuwa ndani napeta mchele, nikamwona kupitia upenyo wa pazia: Mhindi mwembamba wa makamo, mwenye miwani, aliyevua viatu kabla ya kuambiwa. Siku nyingine za juma alikuwa kisiwani, katika ofisi ya Wazungu wasanifu majengo. Jumapili alivuka daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea, akatafuta kazi zake mwenyewe bara.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimerudi kwa wazazi wangu baada ya kuachwa. Talaka yenyewe sitaieleza, haina mengi. Naitaja tu ili ieleweke kwa nini mwanamke wa umri wangu alishinda nyumbani, hana mume wala mtoto, ana nafasi ya kuangalia karatasi za watu.

Baba alikuwa na duka la nguo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na yeye alitaka kujenga ya mawe kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma yake. Kulikuwa na sheria: hujengi bila ramani, na ramani haipokewi ila iwe na sahihi ya msanifu aliyesajiliwa. Mgeni wetu aliyasema haya kabla hata ya kunywa kahawa.

"Kabla hujanipa kazi, bwana, ujue jambo moja," alimwambia baba. Kiswahili chake alikuwa amekipata Tanga, na kilikuwa kizuri. "Kazi hii nimeisomea Bombay, na nimeifanya miaka kumi na saba. Lakini cheti changu huku hakitambuliwi. Kwa sheria mimi ni mchoraji tu. Ramani nitachora mimi, sahihi ataweka mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mzungu mmoja mzee. Amesajiliwa. Siku hizi hachori, anaweka sahihi."

Baba alifikiri kidogo. "Na nyumba ikianguka nimfuate nani?"

"Nifuate mimi. Yeye hatajua nyumba iko wapi."

Nadhani jibu hilo ndilo lililompa kazi. Watu wa Kisauni baadaye walimwita Bwana Ramani, na mimi nilimwita hivyo mbele za watu. Humu nitamwita mchoraji, maana ndilo neno alilolitumia mwenyewe.

Ramani ya kwanza ilifika baada ya wiki tatu. Baba aliitandika mkekani, majirani wakaizunguka, wakaisifu sana, kisha wote wakaondoka kwenda kusali alasiri. Hapo mama akaniita.

"Mwanangu."

"Abee."

"Ndoo hapa unisomee karatasi hii."

Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni, na miaka minne katika shule ya wasichana, lakini ramani sikuwahi kufundishwa. Haikuwa vigumu. Mstari mnene ni ukuta, na pale unapokatika ni mlango. Nikamwonyesha mama kwa kidole. Mbele palikuwa na veranda pana, kisha sebule, kisha vyumba vitatu kwa safu. Jiko lilikuwa ubavuni, mlango wake ukitazama njia. Ilikuwa nyumba nzuri ya aina waliyojengewa makarani wakubwa.

"Na uani?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuchora uani, mama."

"Na jiko latazama njia?"

"Naam."

Mama aliinuka, akajipangusa goti. "Basi kila ajaye kumuuliza babako ataniona tangu kisogo mpaka kisigino. Nitapika na buibui, eti?"

Baba aliporudi aliambiwa. Alijibu kwamba ramani imeshachorwa, na kwamba watu wa kisasa wote wajenga hivyo. Mama hakubishana naye. Asubuhi ya pili, baba alipokwenda dukani, alitoa ndoo ya majivu jikoni, akaniambia nichukue karatasi tuende kiwanjani.

Nilimsomea vipimo, naye akamwaga majivu. Asubuhi nzima tuliichora nyumba ile chini, kwa ukubwa wake wa kweli, chumba kwa chumba. Pembe zilinipa taabu mpaka nilipovua kanga yangu ya pili, nikaitandika, nikafuata pindo zake. Adhuhuri ilipokaribia, mama alivaa buibui, akajifunika hadi machoni, akaweka kigoda katikati ya mistari ya jiko, akaketi kumenya viazi.

Baba alikuja kula, akamkuta hapo. Mtu mmoja aliyekuwa akipita njiani na punda alikuwa amesimama kutazama.

"Wafanyani wewe?" baba aliuliza.

"Nshahamia," mama alisema. "Karibu sebuleni. Hapo uliposimama ni ukutani."

Baba alitazama chini, akaona kweli amesimama juu ya ukuta. Kisha akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akatuma salamu kisiwani.

Jumapili iliyofuata mchoraji alikuja. Mama alikaa nyuma ya ua wa makuti, mimi nikasimama penye mwanya ili nipeleke maneno huku na huku. Mchoraji aliizunguka nyumba ya majivu mara moja, kisha akaingia. Niliona kwamba hakuvuka ukuta hata mmoja. Kila chumba alikiingilia mlangoni na kukitokea mlangoni. Mama naye aliliona hilo, na tangu siku hiyo hakumsema vibaya.

"Muulize mama, maji anateka wapi?"

"Kisimani, nyuma," nilisema, baada ya kuambiwa.

"Na akija mgeni mwanamke, na wanaume wako barazani, anapita wapi?"

Mama hakuningoja. "Apita nyuma!" alisema kwa sauti kutoka makutini. "Apita nyuma, aingia uani, huko ndiko kwetu. Huko twapika, twasuka nywele, twaanika, twalala mchana kukiwa na joto. Wewe huko umenipa ukuta mtupu."

"Naam, mama. Uani uwe na ukubwa gani?"

Wakaendelea hivyo, wao kwa wao, ua wa makuti katikati, mimi sina kazi tena. Mwishowe mchoraji alilifuta jiko kwa unyayo, akaomba majivu, akainama akachora uani kwa mkono wake, na mlango mdogo wa pembeni, na kibaraza cha ndani cha kukaa wanawake. Alipoinuka alikuwa kijivu mpaka viwikoni. Akaniuliza pembe zile nani aliyezipima, maana zilikuwa sawasawa. Nikamweleza habari ya kanga. Akatabasamu, akaandika kitu katika daftari lake.

Mama alimpikia mbaazi za nazi na mahamri, baada ya kuulizia na kuambiwa kwamba hali nyama wala samaki. Alikula barazani na baba, akasema, "Ofisini kwetu hakuna anayeniambia haya. Tunachora, tunapeleka, basi."

Ramani ya pili ilirudishwa mara moja tu na wakubwa waliotoa vibali vya kujenga. Walikuwa wamezungushia uani kalamu nyekundu na kuuliza ni nafasi ya nini, yenye kuta pande zote na haina paa. Mchoraji aliandika juu yake: uwanja wa kuanikia nguo. Ikapita. Nyumba ikajengwa na fundi mmoja kutoka Rabai na watu wake, nasi tukahamia kabla ya mvua za masika.

Kazi yangu mwenyewe ilianzia hapo. Mchoraji alihitaji mtu wa kunakili ramani zake. Kila ramani ilitakiwa nakala safi ya wino juu ya kitambaa maalumu, chembamba, cheupe, chenye kung'aa, na yeye hakuwa na nafasi ya kuzichora zote. Alimwambia baba kwamba binti yake ana mkono mtulivu. Baba alisita. Mama ndiye aliyemaliza maneno.

"Atafanya nyumbani, nyuma ya mlango. Mbona kushona kofia si vibaya? Na hiyo si kushona tu, ila kwa wino?"

Mchoraji akaniletea ubao, kalamu mbili za wino, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangulia makosa, na miezi ya mwanzo niliutumia zaidi kuliko kalamu. Yeye alikaa barazani, mimi ndani ya mlango, ubao katikati yetu kizingitini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua kazi yangu, akaitazama dhidi ya mwanga, akairudisha.

"Mstari una mwanzo na mwisho," aliniambia siku moja. "Wako una mwanzo, halafu unafifia. Fundi atajuaje ukuta umeishia wapi?"

Nikakwangua, nikarudia. Baada ya mwaka mmoja hakurudisha tena.

Siku moja alikuja, na haikuwa Jumapili. Baba alikuwa amefunga duka kwa chakula cha mchana.

"Leo Jumanne," baba alisema.

"Naam. Sasa siku zote ni Jumapili."

Ofisini kwake walikuwa wamejua habari za kazi zake za bara, wakamwachisha. Hakuwalaumu. Alisema mkataba ulikataza, na yeye aliusoma kabla ya kuutia mkono. Alikuwa akiishi Likoni, vyumba viwili vya kupanga si mbali na feri, na huko ndiko alikotundika kibao. Neno msanifu halikuruhusiwa. Aliandika Mchoraji wa Ramani za Nyumba, kwa herufi za Kiswahili na chini yake za Kihindi.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi. Wafanyabiashara wa Kisauni na wa Jomvu Kuu walitaka nyumba za mawe, na kila mmoja alitaka uani, na habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna Mhindi anayejua uani. Kule Changamwe na Bofu wateja wake walikuwa wengine: Wakristo waliotoka Rabai na Ribe, wafanyakazi wa bandarini na wa reli, watu ambao wangejenga chumba mwaka huu na chumba mwaka ujao, Mungu akipenda. Hao aliwachorea nyumba zilizoweza kusimama katikati ya safari. Chumba kimoja kilikuwa nyumba kamili. Viwili vilikuwa nyumba kamili. Na ukuta wa kungoja cha tatu haukuonekana kama jengo lililomshinda mwenyewe. Sikuona mtu mwingine akifanya hivyo wakati ule. Nami nilinakili zote, na kila nakala, pembeni chini, iliachiwa kisanduku kitupu. Nakala zikivuka kwenda kisiwani, zilirudi na sahihi ya mzee yule wa Kizungu, herufi mbili kubwa na mkia. Mimi sikupata kumwona.

Mchoraji alikuwa na mke kwao. Aliniambia mara moja tu, mama alipomuuliza. Alisema mkewe atakuja nyumba ikiwa tayari. Mama alimuuliza nyumba gani, kwa sababu tulijua kila alichokichora na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Alinywa kahawa yake yote ndipo akajibu, "Bado sijaichora."

Uhuru ulipokuwa ukikaribia, Wazungu walianza kuuza vitu. Magari, makabati, viti vya veranda. Mzee wa sahihi naye aliuza nyumba yake akarudi kwao. Kabla ya kuondoka alimwita mchoraji akampa zawadi. Mchoraji aliileta kwetu siku ile ile, akaifungua mkekani: vitambaa thelathini vya kunakilia, vipya kabisa, vitupu, na kila kimoja pembeni chini kina zile herufi mbili na mkia.

"Amekuachia miaka miwili ya kazi," baba alisema.

"Naam. Ni mtu mwema."

"Utavitumia?"

Aliniomba wembe. Akaketi palepale barazani, akaanza kukwangua. Nilidhani anajaribu kimoja. Alikwangua cha kwanza, akapuliza vumbi la wino, akakilaza kando, akachukua cha pili. Baba alimtazama kitambo, kisha akaondoka kwenda dukani. Mimi nikatafuta wembe mwingine, nikaja nikasaidia. Mpaka adhuhuri vyote thelathini vilikuwa vyeupe.

"Kitambaa ni kizuri," alisema alipokuwa akivikunja. "Kisipotee."

Sikumuuliza kwa nini alifanya vile. Wakati ule niliona ni upumbavu, na nilikuwa na hasira kidogo, kwa kuwa kazi yake ikikatika na yangu imekatika. Sasa sioni hivyo, ingawa bado sidai kwamba naelewa.

Mwezi uliofuata alipanda gari la moshi kwenda Nairobi kuomba kusajiliwa. Alikuwa ameandikiwa barua aje mbele ya kamati na kazi zake. Alichukua nakala za penseli, mkebe mzima, nyumba yetu ikiwamo. Alikaa siku nne. Aliporudi alipitia kwetu kabla ya kwenda Likoni, bado ana vumbi la safari shingoni.

"Wamesemaje?" nilimuuliza. Siku hizo nilikuwa nimezoea kuongea naye moja kwa moja. Hakuna aliyejali tena.

"Wameuliza jengo gani nimelisanifu mimi. Nikawaonyesha. Wakasema hizi zote ni za mwenzetu, jina lake tunalo kwenye faili."

"Walikuwa wakali?"

"La. Wapole sana. Walinipa chai."

Baada ya hapo kazi ilipungua. Alichora rafu za maduka, vyoo vya nje, mambo yasiyohitaji kibali. Mkewe alimwandikia arudi, kwani Wahindi wengi walikuwa wakirudi au wakienda Uingereza. Barua hiyo alikaa nayo kwa wiki kadhaa ndani ya mfuko wa shati. Najua kwa sababu aliinama kwenye ubao ikadondoka zaidi ya mara moja, naye akaiokota akairudisha mfukoni. Alijibu nini sikuambiwa. Hakwenda.

Miezi michache kabla ya uhuru, baba alitiwa katika kamati ya sherehe za upande wetu wa bara. Walihitaji jukwaa la wageni, la mbao, uwanjani Changamwe, lenye ngazi na kivuli. Baba alimpendekeza mchoraji. Mwanakamati mmoja kijana aliuliza kwa nini kazi ya uhuru apewe Mhindi. Baba, kwa maelezo yake mwenyewe, alimjibu, "Kwani wewe wajua kuchora?" Kijana akasema hajui, na maneno yakaishia hapo.

Mchoraji alikifanya kitu kile kana kwamba kingekaa miaka mia. Alikwenda uwanjani mara tatu kupima. Alihesabu watu wangapi watakaa, wangapi watasimama wakishangilia, akazidisha kwa mbili, maana, alisema, siku hiyo hakuna atakayekaa. Mimi nilinakili kwenye kimoja cha vile vitambaa thelathini. Nilipomaliza nilimpa aangalie. Aliangalia, akaridhika, akaanza kuikunja.

"Kisanduku kitupu," nilisema.

"Kipi?"

"Cha sahihi. Umesema jengo la muda halitaki msanifu aliyesajiliwa. Lataka jina la aliyechora tu."

Alikunjua tena. Alivua miwani akaifuta, akaivaa. Alichovya kalamu, akaikung'uta, akachovya tena. Nilitarajia sahihi ya mtu aliyengoja sana, yenye mkia. Aliandika jina lake kwa herufi ndogo zilizonyooka, kama anavyoandika vipimo, ikachukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha tukangoja wino ukauke.

Fundi wa Rabai aliyejenga nyumba yetu ndiye aliyelijenga. Siku ya sherehe nilikwenda na mama, tukasimama upande wa wanawake. Kulikuwa na ngoma, hotuba, na bendi ya shule. Watu walifurahi kweli, na mimi nilifurahi, ingawa nilikuwa naumwa na kichwa kwa ajili ya jua. Mchoraji hakuwa miongoni mwa wageni. Nilimtafuta kwa macho mpaka nikamwona chini ya jukwaa, kati ya nguzo, shingo ameinua, akitazama maungio kila watu wa juu walipoinuka kushangilia. Alikaa huko mpaka mwisho. Halikutikisika.

Baada ya siku tatu lilibomolewa. Kamati ilizozania mbao kidogo, kisha zikapelekwa shule moja ya Bofu zitengenezwe madawati, na mchoraji na fundi wakapewa kazi hiyo. Mimi nilikwenda nao, kwa kuwa nilichora kipimo cha dawati. Madawati ya kwanza yalipokuwa tayari, watoto waliitwa wakae. Miguu yao ilining'inia, haigusi chini.

"Nani alipima?" fundi aliuliza.

"Mimi," nilisema. "Nilijipima mwenyewe."

Mchoraji alipiga goti sakafuni, akashika kifundo cha msichana mmoja aliyekuwa akicheka, akapima kwa rula kutoka unyayo hadi goti, akamwita mwingine mfupi zaidi, akapima tena. Akasema tukate inchi mbili na nusu. Fundi akaenda kuleta msumeno. Tukayageuza madawati juu chini, mimi nikachora mistari kwenye miguu, wao wakakata, na kufikia saa nne watoto walikuwa wameketi na mwalimu ameanza kusomesha hesabu.